Fundi Aliyekatalia Funguo

Mwezi uliopita tulimzika fundi pikipiki mmoja huko Mpwapwa. Hakuwa mbunge wala mchungaji, na hakuwahi kumiliki duka. Familia yake imeridhia niandike habari zake kwa sharti kwamba jina lisitoke gazetini, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Nitamwita basi kama alivyoitwa Dodoma, kuanzia Chang'ombe hadi Kizota: Babu. Wenye haki ya kumwita hivyo kwa damu walikuwa wajukuu zake. Sisi tuliojipachika ujukuu tulikuwa wengi zaidi, na hakuna aliyefukuzwa.

Taazia zinazochapishwa katika magazeti yetu karibu zote ni za watu waliowahi kuwa na ofisi. Sina ugomvi nazo. Lakini tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini nilijiuliza ni nani katika mji huu aliyeshika maisha ya vijana wengi kuliko yule mzee wa ovaroli ya bluu, nikakosa jibu. Ninachotaka kusema leo ni kwamba ukarimu wake haukuwa tabia njema ya kusifiwa msibani halafu basi. Ilikuwa huduma ya umma. Mji uliokua kwa kasi uliegemea bega lake, na katika mipango yote ya mji huo hakuna mstari unaomtambua mtu wa aina yake.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati mradi wa karanga wa Kongwa ndio kwanza umekufa. Kwa vijana ambao hawakusimuliwa: mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa matrekta na mitambo mizito, mingine ikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, waje kung'oa vichaka na kulima karanga za kukamulia mafuta kwa ajili ya kwao. Udongo ukawashinda, mvua ikawanyima, na kufikia mwaka 1951 mradi ulifutwa ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Vitabu huishia hapo, kwenye hasara. Wazee wa Kongwa na Mpwapwa hawaishii hapo. Wao wanakumbuka kwamba kilichobaki ni chuma chakavu kila mahali na wanaume waliokuwa wameshika spana kwa mara ya kwanza maishani. Baba yake Babu alikuwa kibarua katika karakana za huko. Mtoto alikua akichezea nati na beringi ambazo Mwingereza aliziacha porini.

Pikipiki ya kwanza aliyoifungua ilikuwa ya bwana mifugo. Mpwapwa ni mji wa utafiti wa mifugo tangu enzi za ukoloni, na aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa ilizalishwa huko huko, kwa hiyo wataalamu wa kuzunguka vijijini na pikipiki hawakukosekana. Mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, vijana wa mkoa mzima walidhani mji utajengwa keshokutwa. Babu alikuwa mmoja wao. Alikuja na kisanduku cha bati chenye spana, akakuta mji mdogo wa reli, vumbi na zabibu, na pikipiki za kuhesabika: za mapadri, za mabwana afya, za mabwana shamba.

Halafu ikaja miaka ya uhaba. Baada ya vita vya Kagera, kuanzia mwaka 1979 na kuendelea, hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sembuse spea. Gasketi zilikatwa kwenye maboksi na kulowekwa kwenye oili. Mipira ya kupunguza mtikisiko ilichongwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Babu alikuwa akisimulia kwamba katika miaka hiyo mafundi wa Dodoma waliishi kwa kuazimana, na kwamba kulikuwa na kifaa kimoja cha kung'olea sumaku ya injini ambacho kilizunguka mji mzima, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na asubuhi kila fundi alijua kimelala kwa nani. Mimi naamini ukarimu wake ulianzia hapo. Aliujifunza kazini, pamoja na kuseti tapeti, kwa sababu bila kuazimana hakuna gereji ambayo ingefungua mlango.

Mambo yalibadilika ghafla miaka ya 2000 pikipiki za Kichina zilipoanza kuingia kwa wingi. Watu walizicheka kwamba ni za plastiki. Babu alifungua injini ya kwanza akatabasamu, maana alikuwa anaijua. Nyingi kati ya injini zile zimenakiliwa kutoka Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, mashine nyepesi kutengeneza iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako matunzo ni ya shida. Baadaye zikaja Boxer na TVS kutoka India. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa, kikaleta maelfu ya wanafunzi wanaotaka kupelekwa kilimani na kurudishwa mjini. Mwaka 2010 zikatoka kanuni zilizoruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa malipo, na kijana wa bodaboda, aliyekuwa mhalifu wa nusu nusu, akawa mfanyabiashara.

Kisha Serikali ikahamia kweli. Mwaka 2016 tangazo, tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956 katika iliyokuwa manispaa. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 765,179. Ndani ya miaka kumi mji umekaribia kujizidisha mara mbili. Watumishi walihamishiwa Mtumba, nyumba zikaota Nala na Ihumwa, na barabara nyingi za mitaani zilibaki tifutifu na makorongo. Ni nani aliyewafikisha watu hao kazini, wajawazito kliniki, na mifuko ya saruji saiti? Bodaboda. Na bodaboda walikuwa wanategemea nini? Walitegemea mafundi wachache wanaokaa chini ya miti, na mmoja wao alikuwa na mwarobaini wake karibu na barabara ya kwenda sokoni Majengo.

Sasa nieleze lile lililomfanya ajulikane.

Ukimpelekea Babu pikipiki yenye breki mbovu, ukamwomba akuzibie pancha tu, alikuzibia pancha. Akaijaza upepo, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaridhika. Kisha akazungusha gurudumu la nyuma, akabonyeza breki kwa mkono, akasikiliza. Kama breki shuu zimekwisha, chuma kinasaga chuma ndani ya ngoma ya gurudumu na kutoa mlio mkavu ambao hata mimi nilikuja kuutambua. Hapo Babu hakusema neno. Alichomoa funguo, akazitia mfuko wa kifuani wa ovaroli, akafunga kifungo.

Ugomvi ulianza papo hapo. Kijana ana abiria anamsubiri, ana hesabu ya bosi ya jioni, mara nyingi shilingi elfu saba au elfu kumi, na asipoipeleka pikipiki inarudishwa kwa mwenyewe. Hela ya breki hana. Babu alimwacha aseme mpaka amalize. Halafu alimwonyesha breki shuu mpya zikiwa kwenye pakiti, akamwambia, "Hizi hapa. Nafunga sasa hivi, utanilipa Jumamosi." Na kama kijana ni mbishi, alivuta kigoda akakaa. Nimeona vijana wenye nguvu za kumbeba yule mzee begani wakisimama mbele yake mikono imeanguka, kwa sababu hakuna namna ya kumpora mzee funguo kifuani mbele za watu. Hakuna sheria inayompa fundi mamlaka hayo. Babu alikuwa na mvi, na mvi zake alizifanyisha kazi.

Hili nataka lieleweke vizuri, maana tunapozungumzia ukarimu huwa tunafikiria mtu anayetabasamu na kugawa. Babu alikuwa mkali. Alikunyima kile ulichokuja kukiomba, yaani ruhusa ya kuondoka ukiwa hatarini, akakupa kile usichokiomba, tena kwa mkopo. Kila mwaka tunasikia takwimu za ajali, tunaona kampeni zenye mabango na fulana. Mimi nina hakika kwamba wapo watu wanaotembea Dodoma leo, abiria ambao hawajawahi kumsikia, walio hai kwa sababu asubuhi fulani funguo zilikaa kwenye mfuko wa ovaroli kwa dakika 20.

Kulikuwa pia na jambo la vumbi. Anayeishi Dodoma anajua upepo wa kuanzia Julai hadi Septemba, unaoinua kichanga mpaka kikaingia kwenye maji ya kunywa. Kwa pikipiki kichanga hicho ni sumu. Kinaziba filta ya hewa, na filta ikichakaa kinapita, kinafika kwenye silinda na kukwangua ringi na pistoni kidogo kidogo. Baada ya miezi injini inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na hapo tiba yake ni kuishusha yote, gharama ya wiki kadhaa za jasho la kijana. Kinga yake ni ndogo mno: kutoa ile sponji ya filta, kuifua, kuikausha, kuipaka oili kidogo na kuirudisha. Babu aliifanya kazi hiyo bure kwa kila pikipiki iliyosimama pale msimu wa upepo, iwe imekuja kwa taa, kwa klachi au imekuja kusalimia. Ukiangalia kwa jicho la biashara, alikuwa anajinyima kazi kubwa za kesho. Nilimuuliza siku moja. Akanijibu kwamba kazi kubwa zitakuja tu, masika yapo.

Na kweli zilikuja. Mvua za Dodoma ni chache, lakini zikinyesha korongo lililokuwa kavu asubuhi linashuka jioni na magogo. Vijana wanaotoka Mvumi na Bahi na mizigo huamua kupita, pikipiki inazimika katikati, maji yanaingia. Babu akifungua nati ya chini kumwaga oili inatoka nyeupe, rangi ya chai ya maziwa, na kundi zima linaguna. Wengine wangetangaza hapo hapo kwamba injini imekufa. Yeye aliimwaga, akasafisha, akatia oili ya bei rahisi, akaiwasha kidogo, akamwaga tena, mpaka itoke safi, ndipo akatia oili ya kukaa. Ni uvumilivu wa nusu siku. Alitoza bei ya oili.

Alikuwa na geji ya kupimia tapeti, ikaibiwa. Hakununua nyingine. Alitumia wembe wa kawaida wa kunyolea, ambao unene wake ni kama milimita 0.1, na valvu za injini hizi nyingi hutaka nafasi ya kati ya 0.05 na 0.1. Aliupitisha wembe, akasikiliza kwa vidole, akajua bado nusu ya wembe. Nimetazama wahandisi vijana wenye shahada wakichuchumaa pembeni yake, wakipima kwa vifaa vyao alichokwisha kukipima, na kukuta yuko sawa. Hakuwasimanga. Aliwauliza na wao wanavyofanya huko chuoni, akaazima kile kifaa, akakigeuzageuza, akakirudisha.

Nije kwenye daftari. Lilikuwa kaunta buku nene lenye jalada gumu, limefungwa kwa kipande cha tyubu. Hakuandika majina. Aliandika pikipiki, kijiwe, kazi na hela: Boxer nyekundu, Sabasaba, klachi, 18,000. TVS bluu, Makole, cheni na sproketi, nusu imelipwa. Aliyelipa alipigwa mstari kwa rula. Kila mwisho wa mwaka alikaa na daftari lile na kalamu nyekundu, akapitia waliobaki. Ambaye pikipiki yake iliibiwa, ambaye alinyang'anywa na bosi kabla ya kumaliza mkataba, ambaye alivunjika mguu, alifutwa. Ambaye ana uwezo na anazunguka kona akimuona, huyo hakufutwa. Huyo Babu alimtaja kwa sauti kijiweni, mbele ya wenzake, mpaka alipe.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nakubaliana nao, ila kwa Babu naona walisahau hesabu. Moyo peke yake ungefilisika ndani ya miezi sita. Daftari lile lilikuwa na kanuni: nani anakopeshwa, kiasi gani, kwa muda gani, nani anasamehewa na kwa sababu ipi. Linganisha na mkopo wa simu ambao kijana anauchukua leo usiku akiwa amekwama na kesho unamdai hata kama amelazwa hospitali ya mkoa. Babu alikuwa benki iliyokuwa inamjua mteja, na bima iliyolipa fidia bila fomu.

Nani aligharamia? Hili ni swali ambalo waombolezaji hatukulipenda, na aliyelileta ni Bibi, mke wa Babu.

Siku ya mazishi, kabla ya jeneza kuondoka Dodoma, msemaji wa familia alisimama kama ilivyo desturi akasema anayemdai marehemu ajitokeze. Hakuna aliyenyanyua mkono. Akaendelea kwamba kwa wale wanaodaiwa na marehemu, familia imekaa na kuamua kusamehe yote kwa heshima ya mzee. Watu wakaitikia, wengine wakaanza kulia. Bibi akaomba kusema. Alisimamishwa na wajukuu wawili, akasema yeye hajakaa na mtu. Akasema miaka yote ambayo Babu alikuwa anafunga breki kwa mkopo, yeye alikuwa Majengo anauza karanga na mlenda uliokaushwa, na hizo karanga ndizo zilizonunua zile breki. Daftari ni la wawili. Aliyefutwa na Babu kwa kalamu nyekundu amefutwa, lakini aliyebaki anadaiwa, na anadaiwa na yeye.

Kulikuwa na ukimya, na najua wapo walioona amewaharibia. Mimi naona ndiye aliyesema kweli kuliko wote siku ile. Tunapenda sana kumsifu mtoaji, na hatuulizi kile kilichotolewa kilitoka kwenye sufuria la nani. Nyuma ya wazee wengi wakarimu wa nchi hii kuna mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri ili ukarimu huo uwezekane. Yeye hatajwi, na mume akishafariki anatarajiwa asamehe kwa niaba ya marehemu huku akiwa hana hata chumvi. Kama nilivyosema, huduma ile ilikuwa ya umma. Waliokuwa wakiilipia ni watu wawili.

Halafu kuna wanafunzi wake. Chini ya ule mwarobaini palikuwa na vijana wanne au watano wakati wowote, wanaanza kwa kuosha spea kwenye beseni la petroli, wanahamia kwenye pancha, halafu cheni, halafu kabureta, na mwisho kabisa injini. Babu hakutoza ada. Mafundi wengi hutaka mzazi atoe kitu, na si kosa, maana mwanafunzi huharibu. Yeye alisema kijana akiharibu ndipo anapojifunza, na akaandika hasara daftarini upande wake mwenyewe. Waliotoka pale wako Kibaigwa, wako Manyoni, wako Kondoa, wana vijana wao. Mmoja ni mjukuu wake wa kike, ambaye kwa sasa ndiye anayefungua gereji asubuhi.

Hawa vijana hawana karatasi. Na karatasi ndiyo inayotakiwa mtu akitaka kazi katika karakana ya taasisi, au zabuni ndogo ya kutengeneza pikipiki za halmashauri. Njia ipo. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa vitendo, anafundishwa yale anayopungukiwa, anapewa cheti. Serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikigharamia mafunzo ya namna hiyo kwa vijana. Ni jambo jema sana na nalipongeza. Shida ni kwamba fundi wa mtaani haachi gereji kwenda kufuatilia fomu. Akifunga siku moja wateja wanahamia mti wa pili. Wapimaji waje kwenye miti. Wakae pale wiki moja, waone mtu akiseti tapeti kwa wembe, wampe cheti chake. Na wamtambue pia anayefundisha. Fundi aliyetoa mafundi kwa zaidi ya miaka 30 ni chuo, na anastahili kuandikwa hivyo akiwa hai, alipwe posho kwa kila mwanafunzi anayefaulu mtihani.

Kuna mikopo ya halmashauri pia, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ukisoma mgawanyo huo kwa makini utaona mzee mwanamume mwenye karakana hayumo. Sisemi wengine wapunguziwe. Nasema kwamba anayewashikilia vijana hao wote kazini hana fungu, na akiugua hakuna kinachowashikilia.

Akiugua, kweli. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya kila mwezi, ikianza na shilingi 20,000, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Ni hela ndogo, lakini ni hela ya kila mzee, mvuvi na katibu mkuu sawasawa. Bara hatujafika huko. Fundi, mama lishe na mkulima wa uwele wanaweza kujichangia wenyewe katika mfuko wa hifadhi ya jamii, na wachache hufanya hivyo. Wengi hawafanyi, kwa sababu hela ya kujiwekea ilikwenda kwenye breki za mtu mwingine. Babu alifanya kazi mpaka wiki mbili kabla ya kulazwa. Watu walimsifu kwa hilo. Mimi siwezi, kwa sababu sidhani alikuwa na hiari. Anayekaribia miaka 75 akilala chali chini ya pikipiki mwezi wa saba, baridi ya Dodoma ikimpitia mgongoni, anastahili angalau uwezo wa kuchagua.

Na mji unabadilika tena. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inajengwa. Treni ya umeme imefika tangu mwaka 2024. Pikipiki za umeme, ambazo Kigali na Nairobi zimeanza kuzoeleka, zitatufikia, na hazina kabureta wala ringi. Vijana wa Babu watahitaji mtu wa kuwafundisha betri na nyaya kama yeye alivyowafundisha plagi. Barabara zikipanuliwa, miti ya kando hukatwa, na gereji nyingi za pikipiki ziko chini ya miti hiyo, kwenye hifadhi ya barabara, kwa kuwa ndipo pikipiki inapoharibika. Wafanyabiashara wadogo walijengewa soko la wazi pale barabara ya Bahi, jambo ambalo miji mingine imekuja kuliangalia. Mafundi pikipiki nao wapangiwe viwanja vyao, vidogo, vingi, vilivyotawanyika karibu na vijiwe, vyenye paa, maji, na tangi la kumwagia oili chafu badala ya kuimwaga mchangani ikafika visimani. Kuwakusanya wote sehemu moja nje ya mji hakutasaidia. Kijana aliyezimikiwa Makole saa mbili usiku hasukumi pikipiki mpaka Nala.

Jeneza liliondoka saa nne asubuhi kwa barabara ya Morogoro. Pikipiki zilitangulia na nyingine zikafuata, taa zimewashwa, mpaka njia panda ya Mbande panapokatwa kona kwenda Kongwa na Mpwapwa. Wengine walirudi pale kwa sababu ya hesabu ya bosi. Wengine walifika makaburini. Niliwauliza baadhi yao kuhusu yale maneno ya Bibi. Mmoja bado alikuwa amekasirika. Mwingine alisema alikuwa anadaiwa 25,000 za koili na betri na kwamba ameshalipa 10,000 siku ya pili ya matanga, akapewa risiti: kipande cha karatasi chenye mstari uliopigwa kwa rula.

Nilipompelekea Bibi rasimu ya makala hii nimsomee, alinisahihisha mahali pawili na kuniomba niongeze jambo moja. Daftari analo yeye nyumbani. Mjukuu anafunga breki kwa mkopo kama kawaida, na funguo bado zinachomolewa, lakini malipo yote, ya zamani na mapya, yanapokelewa na Bibi mwenyewe pale gereji kila Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi.